Ufundi, Spea na Fidia: Dai la Injini katika Historia ya Bonde la Rufiji

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ndipo manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoishambulia na kuiangamiza. Muda mfupi baadaye mashine ya Königsberg yenyewe ikaharibika. Nahodha wake, Max Looff, akaificha katika delta ya Rufiji, na sehemu zilizovunjika zikakokotwa kwa nguvu za watu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikarudishwa. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham ikaigundua, na Königsberg haikutoka tena baharini hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vya vita vimemkumbuka nahodha na mizinga yake. Waliovuta vyuma vile hawakuandikwa majina.

Kisa hiki huelezwa kwa kawaida kama habari ya vita. Insha hii inakisoma kama habari ya ufundi, kwa kuwa kinaonyesha mpangilio ambao karne nzima haijaubadili sana: chombo huharibikia Rufiji, tiba yake iko Dar es Salaam, na mzigo wa umbali humwangukia asiye na sauti. Mwenye gari wa Mloka, kijiji cha kata ya Mwaseni kilicho jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yumo katika mpangilio huohuo pale injini yake inaposhushwa, ikafungwa upya, na baada ya wiki chache ikaanza tena kuchemsha.

Haja ya gari bondeni ina historia yake. Operesheni Rufiji, iliyofuata mafuriko ya 1968, iliwahamisha wakulima kutoka uwanda wa mafuriko hadi vijiji vya ujamaa kwenye ardhi iliyoinuka, na nyumba ikawa mbali na shamba. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Ujenzi wa bwawa la Julius Nyerere, ulioanza 2019, ukaongeza malori, na watalii walikuwapo tangu awali. Kila gari lililoongezeka lilihitaji fundi.

Sheria ya kumdai fundi huyo ni kongwe kuliko gari lenyewe. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumika Tanganyika wakati wa Waingereza, na Sheria ya Mikataba ya 1961 ikarithi sehemu kubwa ya maneno yake. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mkondo wa kawaida wa mambo, si hasara ya mbali. Sheria hiyohiyo inamruhusu fundi aliyefanya kazi yake ipasavyo kuzuia mali aliyokabidhiwa mpaka alipwe ujira. Hapa pana kutolingana ambako, kwa maoni yangu, hakujapewa uzito unaostahili. Fundi anayedai analishika gari. Mwenye gari anayedai ameshalipa na kuondoka, na mkononi hana kitu isipokuwa maneno.

Spea zina sheria nyingine, ile ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1931, inayohusu ubora na kufaa kwa kitu kilichouzwa. Mgawanyo huu unaeleweka vizuri darasani, lakini gereji huuvuruga. Mara nyingi mwenye gari hununua spea mwenyewe Kariakoo, na fundi huuza mikono yake tu. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, yawezekana fundi aliifunga juu ya hedi iliyopinda bila kuipeleka kuchongwa. Yawezekana gasketi yenyewe ilikuwa bandia. Yawezekana pia dereva aliendesha rejeta ikiwa imeziba na maji yamepungua. Dalili ni moja: injini imechemsha. Watuhumiwa ni watatu, na kila mmoja anawanyoshea kidole wenzake.

Ushahidi umo ndani ya injini, nao huharibiwa na kule kuutafuta. Fundi wa pili akiifungua, wa kwanza atasema aliyeharibu ni huyo wa pili. Fundi wa kwanza akiifungua peke yake, mwenye gari hataamini atakachoambiwa. Njia inayobaki ni kuifungua mbele ya wote wawili na shahidi anayekubalika, kabla boliti haijaguswa, na kuihifadhi gasketi iliyoungua badala ya kuitupa jalalani. Ni jambo dogo, lakini madai mengi ya aina hii hufa kwa kulikosa.

Baraza la kata, lililoanzishwa kwa sheria ya 1985, kazi yake ya msingi ni kusuluhisha, na usuluhishi unawafaa watu watakaoendelea kukutana njiani. Mahakama ya Mwanzo huendesha shauri kwa Kiswahili, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inaipa uwezo juu ya deni la kiraia litokanalo na mkataba. Neno ni deni. Kwa hiyo anayesema “nirudishie ujira niliokulipa kwa kazi isiyofanyika” amesimama mahali imara zaidi kuliko anayetaka alipwe pia safari na wageni aliowapoteza. Sheria ya Ushindani ya 2003 iliwaongezea walaji ulinzi, lakini mlango wake uko mbali na bonde.

Utete, makao makuu ya wilaya kwa miaka mingi, iko ng’ambo ya kusini ya mto. Mloka iko kaskazini. Asiye na gari zima hulipa nauli ya kwenda kudai gari bovu, na shauri likiahirishwa hulipa tena. Fundi aliyezoea kazi yake analijua hilo kabla ya mdai kulitambua, na mara nyingi ndiyo sababu ofa yake ya kwanza, kurudia kazi bila ujira endapo mwenye gari atanunua spea nyingine, hukubaliwa siku hiyohiyo chini ya mwembe.