Karani wa Tanga na Deni la Msomi

Vitabu vingi vya historia ya Kiswahili vinanieleza kwamba lugha hii iliingia bara kwa misafara ya biashara, kwa wamisionari, na baadaye kwa majukwaa ya TANU. Sibishi. Ila yupo mtu mmoja tunayempita haraka mno: karani. Nyuma ya karani yuko mwajiri wake, na nyuma ya mwajiri iko shule.

Wajerumani walipoishika pwani yetu walihitaji watu wa kuandika barua, kutunza daftari za kodi, kukaa forodhani na kutafsiri mashauri. Kumleta Mjerumani kwa kazi hizo ilikuwa ghali: mshahara wa Ulaya, nyumba, likizo ya meli, na homa ya malaria juu yake. Basi mapema miaka ya 1890 serikali ikafungua shule Tanga. Haikufundisha dini, jambo lililowaudhi wamisionari kwelikweli. Serikali haikujali sana. Ilichotaka ni hati safi na hesabu isiyopotoka, tena kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo boma liliamua kuitumia kuongea na jumbe na akida.

Shule ile ilifundisha pia useremala na uchapaji. Hapo ndipo gazeti la Kiongozi lilipochapwa, kwa mikono ya wanafunzi. Sisi tunaopenda fasihi tunalitaja Kiongozi kwa fahari, kama mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, na tuna haki. Lakini lilizaliwa ndani ya karakana ya kutengeneza wafanyakazi wa serikali. Nadhani hilo linaeleza mambo mengi kuhusu nathari yetu ya awali: ule mpangilio wake wa ripoti, ule utii wake.

Mwanafunzi wa Tanga alikuwa na mnunuzi mmoja hasa, serikali. Alitoka akawa karani, mkalimani, mwalimu wa shule nyingine, na baadhi wakapanda hadi uakida. Si maakida wote walipita shule, tuwe wakweli, lakini akida na kalamu walikwenda pamoja, na kwa mkulima wa Umatumbi aliyelazimishwa kulima pamba, mtu wa kalamu ndiye aliyekuwa sura ya dola. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa kwanza. Waingereza walipokuja kurithi nchi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakawasifu Wajerumani kwa jambo hili hili: afisa aliweza kumwandikia jumbe barua ya Kiswahili akajibiwa.

Waingereza nao walikuwa na oda yao. Walitaka kutawala kupitia machifu, kwa hiyo wakafungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Mmoja wa watoto hao, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alifika huko mwaka 1937. Waliotengeneza ile shule hawakumwagiza mtu wa namna ile, lakini shule huwa na tabia ya kutoa zaidi ya kilichoagizwa.

Sasa ngoja tufike kwenye kiini. Mwaka 1961 nchi ilipata Uhuru ikiwa na wahitimu wachache wa kutisha. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka huo na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964, ukaweka lengo kwamba kufikia mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Watu wakahesabiwa: wahandisi kadhaa, madaktari kadhaa, walimu kadhaa. Nafasi za shule za sekondari zikapangwa kwa hesabu hiyo, si kwa idadi ya watoto waliotaka kusoma. Msomi akasomeshwa bure, na badala yake akajifunga kuitumikia serikali miaka mitano.

Wengi husimulia tukio la Oktoba 1966 kama kisa cha vijana wenye kiburi. Serikali ilitaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi kadhaa kambini, kisha mwaka na nusu kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu, na baadhi ya mabango yao yakadai kwamba hata mkoloni alikuwa na nafuu. Mwalimu akakasirika. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao, ingawa wengi walisamehewa baadaye. Naye akajikata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe.

Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini tazama ugomvi wenyewe: ulikuwa wa bei. Msomi aliona amefaulu, basi alipwe kama alivyolipwa mzungu aliyekalia kiti kile kabla yake. Mwalimu aliona msomi ni mtu aliyelishwa na wakulima wenye njaa, kwa hiyo anadaiwa. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililosema wazi kwamba shule ya msingi haiwezi kuwa foleni ya kusubiri ajira ya mshahara, maana watoto wengi mno hawataipata.

Euphrase Kezilahabi aliingia chuoni hapo mwaka 1967, vumbi la ugomvi huo likiwa halijatulia. Ndiyo maana siwezi kumsoma Kazimoto wa Kichwamaji kama mgonjwa wa falsafa za Ulaya tu. Ni msomi ambaye kijiji kinamwona kama mali yake, naye hajui tena kukaa kijijini. Yaani deni limepata sura ya mtu.

Azimio la Musoma la 1974 likaenda mbali zaidi: hakuna kwenda chuo kikuu mpaka ufanye kazi kwanza na mwajiri akupendekeze. Idadi ya wasichana ikashuka, ikabidi wao walegezewe sharti.

Baba yangu mdogo alihitimu enzi za "kupangiwa kazi". Hakuomba kazi popote. Alipewa barua yenye jina la mkoa, akapanda treni. Hadi leo anasimulia kana kwamba barua ile ilishuka na mvua. Kisha, pamoja na masharti ya wakopeshaji wa nje, serikali ikaacha kuwa mnunuzi wa kila mhitimu, na barua zikakoma. Sheria ya VETA ya 1994 ikawaletea waajiri tozo ya kugharimia mafunzo ya ufundi stadi, nao wameilalamikia miaka nenda rudi. Mwaka 2005 ikaanza Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Siku hizi mwajiri humkata mnufaika wa mkopo asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na hakuna anayeandamana kwenda Ikulu kwa hilo. Deni lile la 1966 lilikuwa la kijiji, likalipwa kwa jembe na kwa miezi kambini. Hili lina namba ya akaunti, na asiye na mwajiri nalo linamsubiri.