Kijana alikimbiza gari, abiria akavunjika: nani alipe? (UZI)

1. Kila ajali mbaya ikitokea nchi hii, mjadala huwa ni ule ule. Mwanasiasa mmoja anasema vijana wamekosa adabu. Wa pili anasema wazazi wamelegea. Wa tatu analaumu polisi wa trafiki, wa nne anaahidi sheria mpya. Halafu wote wanaingia kwa magari yao wanaenda. Yule abiria aliyevunjika bado yuko wodini, na hakuna aliyeuliza bili yake imefika wapi. Uzi huu ni wake: historia ya swali "nani alipe?" Tulia, twende pole pole.

2. Chukua mfano ambao kila mtaa unaujua. Kijana wa miaka 20 amechukua funguo za gari ya mzee Ijumaa usiku. Amebeba marafiki watatu. Kufika Thika Road anakutana na gari lingine, wanaanza kupimana. Moja inapita, nyingine inarudisha, hadi gari ya mzee inapinduka. Dereva anatoka na mikwaruzo. Msichana aliyekaa nyuma anaumia uti wa mgongo. Hakulipa nauli, alipewa lifti tu. Sasa nani anamlipia matibabu? Najua umeshajibu: "Si kuna bima?" Hebu subiri kidogo.

3. Tuanze na dereva mwenyewe, maana kosa ni lake kwanza. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iko wazi. Kuendesha gari kwa njia ya hatari ni kosa chini ya kifungu cha 47. Ukiua mtu kwa uendeshaji huo, kifungu cha 46 kinaweza kukupeleka jela hadi miaka 10.

Lakini hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo mawili. Hiyo ni kesi ya jinai, kati ya serikali na dereva. Akipigwa faini, pesa inaingia kwa hazina ya serikali. Msichana wetu hapati hata ya panadol. Yeye lazima afungue kesi yake ya madai, na sheria imempa miaka 3 tu tangu ajali. Na akishinda, kijana wa miaka 20 ana nini cha kuuza? Ana simu, na deni la mkopo aliochukua kwa hiyo simu.

4. Kwa hivyo wakili yeyote mwenye akili atatafuta mtu mwenye mfuko: mwenye gari. Hapa historia inaanza kuwa tamu.

Tulirithi kwa Waingereza kanuni kwamba bwana anajibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Ilianza zamani, enzi za farasi na mikokoteni. Magari yalipokuja, mahakama zikaulizwa: je, mtu akiendesha gari yako na wewe hujamwajiri? Mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema hivi, kwa lugha yetu: gari ikisababisha madhara kwa uzembe, na hakuna ushahidi mwingine, tutachukulia kwamba aliyeendesha ni mtu ambaye mwenye gari anajibu kwa niaba yake.

Kwa aliyeumia, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini soma tena yale maneno "na hakuna ushahidi mwingine". Mzee akija kortini aseme, "Kijana alichukua gari akaenda kwa starehe zake, mimi sikumtuma popote," na korti imwamini, ile dhana inavunjika.

5. Kuna kesi moja ya Uingereza, ya 1972, ambayo imeathiri mawazo ya majaji wengi wanaofuata sheria hii ya kurithi. Mama mmoja alikuwa na gari. Mumewe akaenda nayo kazini, baadaye akaingia kulewa. Akampa rafiki yake aendeshe, na wakabeba watu wengine watatu. Rafiki akakimbiza gari, wakagonga basi. Mume na dereva wakafa, abiria watatu wakaumia. Wakamshtaki mama, kwa sababu gari ni yake na bima ni yake.

Mahakama ya juu kabisa ikasema mama hana hatia. Dereva hakuwa anafanya kazi ya mama. Majaji waliambiwa wapanue sheria ili mwenye gari ya familia ajibu kila mara. Wakakataa: kubadilisha kitu kikubwa hivyo, na chenye kugusa bima, ni kazi ya bunge.

Kumbuka hayo maneno, tutayarudia.

6. Sasa twende kwa bima, kwa ile "si kuna bima?" yako.

Uingereza ililazimisha bima ya magari mwaka 1930. Bunge lilitaka mtu akigongwa barabarani asikose fidia. Lakini kwa gari la kibinafsi waliacha tundu: haikuwa lazima bima imkinge abiria aliyebebwa bure. Kwa gari la kubeba abiria kwa malipo, ilikuwa lazima. Mawazo ya wakati huo yalikuwa kwamba aliyepewa lifti ni mgeni wa mwenye gari.

Sheria yetu, Sura ya 405, ilishonwa kwa kitambaa hicho hicho. Kifungu cha 5 kinasema bima ya lazima haihitajiki kumkinga aliye ndani ya gari, isipokuwa kama gari linabeba watu kwa malipo au kwa sababu ya ajira yao. Mwenda kwa miguu aliyegongwa, amekingwa. Abiria wa matatu, amekingwa. Yule msichana wa lifti, sheria haimlazimishi mzee kumwekea bima. Kama mzee hakulipia nyongeza ya abiria kwa hiari yake, msichana yuko peke yake.

Uingereza yenyewe iliziba hilo tundu kwa sheria ya 1971. Waliotushonea nguo walishabadilisha yao. Sisi bado tunaivaa.

7. "Mimi sina gari, mimi ni mtu wa mathree." Sawa, twende huko, kwa sababu mashindano makubwa ya vijana nchi hii hayako Ijumaa usiku. Yako kila asubuhi, kuanzia saa kumi na moja, steji hadi steji.

Matatu ilipata jina lake kwa nauli ya senti 30, zile sarafu tatu za senti kumi, miaka ya sitini. Zilikuwa gari za magendo, zikikimbizana na polisi. Mwaka 1973 tamko la rais liliziruhusu kubeba abiria bila leseni ile waliyotakiwa kuwa nayo wenye mabasi. Lilisifiwa kama ukombozi wa mwananchi mdogo, na kweli kazi nyingi zilizaliwa hapo. Lakini serikali ilifungua mlango bila kuweka bawabu. Ni hadi 1984 ndipo sheria ilibadilishwa na matatu zikatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa. Miaka 11 nzima.

8. Katika miaka hiyo mtindo wa malipo ulikomaa, na ndio huo hadi leo. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni. Dere na makanga wakishafikisha hicho na mafuta, kinachobaki ni chao. Hakuna mshahara. Ukiwa dereva wa miaka 24 na uko nyuma ya hesabu saa tisa mchana, ile gari iliyo mbele yako imebeba chakula chako. Utaikimbiza tu.

Kwa hivyo tunaposema "vijana wa matatu hawana adabu", tuulize pia: ni nani aliandaa hayo mashindano, na zawadi anaichukua nani jioni? Mwenye gari hakukanyaga mafuta, kweli. Lakini aliweka bei ya kutokanyaga.

9. Serikali iliwahi kuliona hili. Zile kanuni za 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na ambazo wengi wetu tunaziita kwa jina la waziri wa wakati huo, hazikuwa za mikanda na mstari wa manjano pekee. Ziliweka vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na pia zilitaka madereva na makondakta waajiriwe kwa kudumu. Mikanda tuliiona. Mstari tuliuona. Ajira ya kudumu, muulize makanga wako kesho asubuhi.

Sheria ya 2012 ikaunda mamlaka ya usalama barabarani, na kanuni za 2014 zikataka wenye matatu wawe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Lengo lilikuwa kwamba ajali ikitokea kuwe na mlango wa kubisha. Ni hatua nzuri. Ila hesabu ya jioni haikuguswa.

10. Na abiria wa matatu akiumia? Ana nafuu kuliko wa lifti. Bima ni lazima, na kampuni ya bima haiwezi kumkwepa kwa kusema dereva alikuwa na umri mdogo au gari ilijaza watu kupita kiasi. Lakini tangu 2006 kuna kikomo: bima inalazimika kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Korti ikikupa zaidi, salio umdai mwenye gari mwenyewe. Piga hesabu ya mtu aliyepooza akiwa na miaka 22, anayehitaji uangalizi kila siku hadi uzeeni. Halafu kumbuka milioni 3 ya 2006 ilinunua nini, na leo inanunua nini.

11. Kuna swali gumu ambalo wanasiasa hulikwepa, kwa sababu halina makofi: je, abiria naye ana lawama?

Zamani sheria ilikuwa katili. Ukipatikana na kosa lolote, hata dogo, unakosa fidia yote. Uingereza iliacha hilo 1945, na sisi tuna Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inayogawa lawama kwa asilimia. Mwaka 1975 mahakama za Uingereza ziliweka kipimo cha mkanda: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, fidia inakatwa robo. Kama ungepunguza tu, inakatwa asilimia 15.

Na mwaka 1990 kijana mmoja aliyebebwa kwa pikipiki na mwenzake wa miaka 16 alikosa fidia kabisa huko Uingereza. Walikuwa wamekunywa pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa akimchochea dereva afanye vituko.

Kwa hivyo kuna tofauti kati ya anayepiga kelele "ongeza moto!" na anayekaa kimya akiomba Mungu. Na kuna yule wa matatu anayesema "dere, pole pole" akajibiwa "kama una haraka ya kuogopa, nunua gari yako". Huyo asihesabiwe pamoja na mchochezi.

12. Basi nani alipe? Maoni yangu, baada ya historia hii yote: hatia ni ya dereva, na hakuna umaskini wala umri unaoifuta. Lakini hatia na malipo ni vitu viwili. Malipo yamfuate pia aliyekuwa na uwezo wa kuzuia: mzee aliyejua kijana wake anashindana na bado akaacha funguo mezani, tajiri aliyeweka hesabu isiyofikika kwa mwendo halali, na serikali inayoandika kanuni nzuri kisha inazisahau.

13. Wakija kuomba kura, usiwaulize kama wanapenda usalama barabarani. Kila mtu anaupenda. Waulize hivi:

Je, utaleta mswada wa kumwingiza abiria wa lifti kwa bima ya lazima?
Je, ile milioni 3 ya 2006 itapandishwa lini?
Je, dereva wa matatu atalipwa mshahara, au ataendelea kulipwa kwa mbio?

Majaji walishasema tangu 1972 kwamba kazi hii ni ya bunge. Bunge ni wao.

14. Na wewe, kabla hujaweka simu chini: toa ile karatasi ya bima ya gari yenu usome kama abiria wamo. Funga mkanda hata ukikaa nyuma. Ukiumia, chukua abstrakti ya polisi na fomu ya P3, weka risiti zote za hospitali, na usikae miaka 3 ikapita.

Kama una mtu anayemwachia kijana wake funguo kila Ijumaa, mtumie uzi huu. Mwisho.