Mtapo: Jina Moja, Majani ya Namna Mbili

Kiswahili kilifika Kabambare pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Livingstone alipokaa huko, katika mji alioutaja kwa jina la Bambarre, kati ya 1869 na 1871, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Msamiati wa mimea walioujua wao ulikuwa wa pwani, na ndio uliojaza kamusi. Neno mtapo linaonyesha shida itokanayo na hali hiyo.

Huko pwani mtapo ni jina la mimea miwili ya jamii ya sikadi: Cycas thouarsii, na Encephalartos hildebrandtii, uliopewa jina la kitaalamu mjini Berlin mwaka 1874 kwa heshima ya msafiri J. M. Hildebrandt. Kwa mbali yote miwili hufanana na mnazi mfupi. Tofauti imo katika jani. Jani kubwa la kila mmoja limegawanyika kuwa majani madogo pande mbili za uti. Lakini katika Cycas kila jani dogo lina mshipa mmoja wa katikati, ukingo wake hauna meno, na likiwa changa hujikunja kama mkia wa kinyonga. Katika Encephalartos mshipa huo haupo. Mishipa mingi membamba huenda sambamba, na ukingo mara nyingi una meno yachomayo. Aliyewahi kuushika hahitaji darubini.

Sikadi za asili za Kongo zote ni za kundi hili la pili. E. poggei ulielezwa mwaka 1878, E. laurentianus wa Kwango, ambao jani lake huweza kufikia mita 6, mwaka 1903, E. marunguensis wa uwanda wa juu wa Marungu, mwaka 1958, E. ituriensis, mwaka 1990.

Jambo hili si la wataalamu wa mimea peke yao. Tangu 1975 Encephalartos yote imo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, iliyo kali kuliko zote, ilhali Cycas thouarsii umo katika ya pili. Zaire ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976. Kwa kuwa koni hazionekani kila wakati, afisa wa forodha mara nyingi hana ushahidi mwingine ila jani. Kamusi imwambiayo kwamba mtapo ni “mti mfano wa mnazi” haimsaidii kitu. Ingemtajia mshipa na meno, angejua la kufanya.