Makanisa Yaliyobaki Bila Mchungaji



Kila tunapoandaa kijitabu hiki cha harambee, wapo ndugu wanaotuuliza: mwaka huu tumezika wengi, mvua nayo imetusumbua, sasa tunatoa shukrani kwa lipi? Swali hilo ni la haki. Kabla ya kulijibu, tunaomba mturuhusu turudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo Walutheri wa Misheni ya Berlin walianza kazi Unyakyusa, na baadaye wakaendelea hadi Ubena na Uhehe. Mmoja wa Wamoravian wanne wa kwanza, Johannes Häfner, alifariki kabla ya kufika Rungwe.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1916. Mwezi Mei majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland, na kufikia mwisho wa Agosti yalikuwa Iringa mjini. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo, na wengi wao hawakurudi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, yakaingia mafua makali yaliyoizunguka dunia nzima. Watu walikuwa hawajamaliza matanga ya kwanza.

Wakati ule, katika misheni hizo, hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji. Walibaki walimu wa shule za vijijini na wazee wa kanisa. Kwa taratibu za siku zile hawakuruhusiwa kubatiza wala kutoa Chakula cha Bwana. Walichoweza ni kukusanya watu, kusoma Neno, kuomba, kufundisha watoto na kuzika wafu, na hayo waliyafanya. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia walipokuja kuwasaidia, walikuta waumini bado wanakusanyika. Wajerumani nao, walipoanza kurudi mwaka 1925, walikuta kanisa lipo. Hatusemi kwamba kila mtu alisimama imara. Wapo waliochoka wakaacha, na sisi tuliokula tukashiba hatuna ulimi wa kuwalaumu.

Vita vya pili vilipowaondoa Wajerumani tena, tayari walikuwapo wachungaji wenyeji, waliobarikiwa katika miaka ya 1930.

Kizazi chetu nacho kina msiba wake. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.4 Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya. Kwa nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 5. Hakuna kati yetu anayehitaji kuelezwa maana ya namba hizo. Tunawajua bibi wanaolea wajukuu kwa jembe la mkono, na ndiyo sababu ya kuwa na mfuko wa ada.

Mmoja wa bibi hao alikuja kwenye Sikukuu ya Mavuno mwaka jana na debe la mahindi. Amezika watoto watatu. Tulimwambia, mama, wewe ndiye wa kusaidiwa, rudi nalo nyumbani. Alikasirika kwelikweli. Akauliza kama tunadhani Mungu wake ni wa wenye gari peke yao. Basi debe likaingia mnadani pamoja na kuku, viazi na mikungu ya ndizi. Aliyelinunua akalirudisha liuzwe tena, wa pili vilevile, na wa tatu pia. Wa nne alilibeba begani mpaka kwa bibi, na safari hii alipokea.

Fedha ya debe hilo mtaiona kwenye ukurasa wa hesabu, katika mstari wa ada za kidato cha kwanza.