Dirisha la Miezi Mitatu

SEHEMU YA KWANZA

Bahasha ilifika kiwandani Ijumaa, Februari 28, 2025, zamu ya mchana ikiwa imeshatoka na mlinzi amebaki getini na redio yake. Dereva aliyeileta alitoka Dar es Salaam alfajiri, akakwama Segera ambako lori lilikuwa limelala katikati ya barabara. Mlinzi hakumwonea huruma. Alimtaka ajaze kwanza kitabu cha wageni: jina, namba ya gari, anakotoka, saa ya kuingia. Dereva akaandika kwa ile kalamu iliyofungwa uzi, akasaini, akaacha bahasha, akageuza gari.

Rehema aliifungua akiwa bado amesimama. Kurasa mbili tu. Mfuko wa uwekezaji wenye anwani yake Port Louis, Mauritius, ulikuwa unawaarifu Waanzilishi kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha 14 cha Mkataba wa Wanahisa, unatumia haki yake ya kuwauzia hisa zake zote. Malipo ndani ya siku 60.

Akasoma tena mstari wa bei. Akakaa.

Mfuko uliingia mwaka 2020 kwa dola milioni 4, ukapewa asilimia 30 ya kiwanda cha juisi ambacho Mzee Mbaraka alikianza na mashine moja ya kukamua machungwa ya Muheza. Kifungu cha 14 kilisema Mfuko ukitaka kutoka, familia itazinunua hisa zile kwa mtaji wa awali pamoja na ongezeko la asilimia 15 kwa mwaka, faida juu ya faida. Kwa miaka minne hiyo ni karibu dola milioni 7, zaidi ya shilingi bilioni 17. Familia haina fedha hizo. Na kifungu cha 15 kilieleza kitakachofuata wasipolipa: Mfuko utaruhusiwa kukiuza kiwanda chote, hisa za familia zikiwemo, kwa mnunuzi yeyote utakayempata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

Alimsomea yote kwenye simu. Mzee Mbaraka akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo Rehema alilijua vizuri kuliko yeye. "Ile bei tuliivuta mwezi mzima, mwanangu. Walianza na asilimia 20, mimi nikawashusha mpaka 15."

Kweli aliwashusha. Rehema alikuwepo katika hoteli ile ya Dar, Novemba 2020, akiwa katibu wa kampuni, akimimina chai na kuandika kumbukumbu. Bei ilijadiliwa hadi watu wakapandishiana sauti. Tarehe hakuna aliyeziuliza. Ukurasa wa tafsiri za maneno, ule wa mwanzoni ambao kila mtu huuruka, ulipita mezani kama kadi ya mwaliko.

Usiku huohuo Rehema na kaka yake Idi, meneja wa fedha, walikuwa barazani kwa Bi Zuhura mjini Tanga. Bi Zuhura ni wakili wa zamani, ameshastaafu mahakamani lakini hajastaafu kusoma. Alivaa miwani, akasukuma kando kikombe cha kahawa, akafungua mkataba. Hakwenda kifungu cha 14. Alianza ukurasa wa tatu.

"Haki ya namna hii," alisema, "ina siku ya kufunguka na siku ya kufungwa. Nje ya hapo ni karatasi tu. Kwa sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo mliyoichagua hapa, mwenye haki akichelewa hata siku moja, imemponyoka. Hamhitaji kuonyesha mmeumia kwa kuchelewa kwake. Haya, nisomeeni."

Rehema akasoma. Mfuko unaweza kutoa taarifa ya maandishi ndani ya miezi mitatu tangu Tarehe ya Kufunguka. Tarehe ya Kufunguka ni siku ya kutimia miaka minne tangu Tarehe ya Kukamilisha. Na Tarehe ya Kukamilisha...

"Tulisaini Novemba 12, 2020," Idi aliwahi. "Basi miaka minne ni Novemba 12 mwaka jana, na miezi mitatu imekwisha Februari 12. Wamechelewa hao!"

"Kusaini si kukamilisha, baba. Soma, Rehema."

Tarehe ya Kukamilisha ilikuwa siku ambayo masharti yote yametimia na fedha zimeingia: kibali cha Tume ya Ushindani, kisha mtaji kusoma kwenye akaunti ya kampuni. Fedha zilisoma Jumatatu, Novemba 30, 2020. Rehema aliikumbuka siku ile, mama yake alipika pilau.

"Kwa hiyo haki ilifunguka Novemba 30, 2024," Bi Zuhura alisema. "Miezi mitatu inaisha lini?"

Idi alihesabu kwa vidole. "Februari haina tarehe 30. Itasogea hadi Machi 2."

"Haisogei. Kuna kesi ya Dodds na Walker, ilifika hadi Baraza la Malodi mwaka 1981. Mwenye nyumba alimpa mpangaji notisi Septemba 30, 1978, na mpangaji alikuwa na miezi minne ya kwenda mahakamani. Akaenda Januari 31. Hoja yake ni kwamba Septemba 30 ni mwisho wa mwezi, basi na muda wake uishe mwisho wa mwezi. Malodi wakasema miezi huhesabiwa kutoka tarehe hadi tarehe inayolingana nayo. Alitakiwa kwenda Januari 30. Kwa siku moja akapoteza haki yake. Na mwezi ukiwa mfupi, hauna tarehe inayolingana, muda unaishia siku ya mwisho ya mwezi huo."

"Februari 28," Rehema alisema taratibu. "Leo."

"Leo. Bahasha imefika saa ngapi?"

Rehema alikuwa amekipiga picha kitabu cha wageni kabla hajatoka getini, kwa mazoea ya ukatibu tu. Akaikuza picha kwenye simu. Mwandiko wa dereva ulikuwa mbaya, ila tarakimu zilisomeka: 11:25 jioni.

Bi Zuhura akafunua hadi kifungu cha 22, taarifa. Taarifa ipelekwe kwa mkono, kwa anwani iliyotajwa. Ikifika baada ya saa 11:00 jioni, au katika siku isiyo ya kazi, itahesabika kuwa imepokewa siku ya kazi inayofuata.

"Jumatatu," Idi alinong'ona. "Imepokewa Jumatatu, Machi 3. Dirisha limefungwa leo." Akaruka kutoka kwenye mkeka. "Dakika 25! Bi Zuhura, lile lori la Segera limetuokoa!"

Rehema alikuwa ameshaanza kumpigia baba yake. Bi Zuhura akamzuia kwa mkono, macho yake yakiwa bado kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwenye mstari mdogo ambao hakuna aliyeusoma.

"Kata hiyo simu," alisema. "Novemba 30 mwaka jana ilikuwa siku gani ya wiki?"

*

SEHEMU YA PILI

Ilikuwa Jumamosi.

Mstari wenyewe ulikuwa huu: tarehe yoyote ya kutekeleza jambo chini ya Mkataba huu ikiangukia siku isiyo ya kazi, itasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Na siku ya kazi ni siku ambayo benki ziko wazi kwa shughuli za kawaida Dar es Salaam na Port Louis, isipokuwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

"Wakiingilia hapa," Bi Zuhura alisema, "watasema Tarehe ya Kufunguka ilisogea hadi Jumatatu, Desemba 2. Miezi mitatu kutoka hapo ni Machi 2, ambayo ni Jumapili. Nayo inasogea hadi Jumatatu, Machi 3. Na taarifa yao, kwa kifungu chenu wenyewe, imepokewa lini?"

Hakuna aliyemjibu.

"Siku ya mwisho kabisa," akajijibu. "Ndani ya muda."

Jumatatu asubuhi wakili wa Mfuko alithibitisha hofu yote kwa barua pepe fupi na yenye adabu. Hesabu yake ilikuwa ileile ya Bi Zuhura, siku kwa siku. Akaongeza kwamba, hata hivyo, nakala ya taarifa ilishatumwa kwa barua pepe tangu Alhamisi, kwa hiyo ubishi wa dakika 25 hauna maana.

Hili la barua pepe Bi Zuhura alilitupa nje mara moja. Kifungu cha 22 kilitaja kupeleka kwa mkono peke yake. Alimsimulia Rehema habari za daktari mmoja wa Uingereza, Hughes, aliyeipa kampuni moja nafasi ya miezi sita ya kununua nyumba yake kwa kumpa taarifa ya maandishi. Barua ilitiwa posta Aprili 1972, siku chache kabla ya muda kwisha, ikapotea njiani. Mahakama ya Rufani ilisema taarifa ni ile iliyomfikia mtu, si ile iliyotumwa. Nafasi ikafa.

"Kwa hiyo tumebaki na maneno matatu," alisema. "Ya kutekeleza jambo. Siku ya kufunguka, nani anatekeleza nini? Hakuna. Inakuja yenyewe, kama siku ya kuzaliwa. Mimi nitasema mstari huu unasogeza siku za kulipa na siku za kupeleka karatasi tu, hausogezi tarehe inayojijia. Wao watasema unasogeza kila kitu. Wasuluhishi watatu London watakaa wiki nzima juu ya maneno hayo matatu, na gharama yake mnaijua."

"Nafasi yetu ni ngapi kwa mia?"

"Mwanangu, mimi si mpiga ramli."

Rehema alitaka kujua kama wengine nao huandika hivi. Bi Zuhura akamtajia Docomo ya Japani, iliyonunua hisa za Tata Teleservices ya India mwaka 2009. Pale siku iliandikwa wazi: kampuni isipofikia malengo yaliyotajwa hadi Machi 31, 2014, Docomo inaweza kutaka itolewe kwa angalau nusu ya fedha iliyoweka. Malengo hayakufikiwa, na Julai 2014 Docomo ikatumia haki yake. Ugomvi ulikuja kuwa wa bei, kwa sababu ya masharti ya Benki Kuu ya India, na mwaka 2016 wasuluhishi wa London waliiamuru Tata ilipe dola bilioni 1.17 hivi.

"Malengo," Rehema alirudia. "Bi Zuhura, na sisi tuna malengo."

Akafunua haraka. Pale barazani alikuwa amesoma nusu tu ya tafsiri, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa ukurasa wa nyuma. Tarehe ya Kufunguka ilikuwa *ile itakayotangulia* kati ya mbili: (a) kutimia miaka minne, au (b) siku ambayo Mfuko utapokea hesabu zilizokaguliwa zinazoonyesha kuwa mauzo ya mwaka hayakufikia asilimia 80 ya lengo.

Bi Zuhura alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Itakayotangulia," alisema. "Si kila moja. Dirisha linafunguka mara moja tu. Mwaka 2023 mliuza kiasi gani?"

Rehema alikumbuka mwaka ule. Mvua za El Niño za mwishoni mwake ziliharibu barabara za vijijini, machungwa yakaozea mashambani, na kiwanda kikakaa wiki kadhaa bila mzigo. Hesabu za 2023 zilipelekwa kwa Mfuko Juni 2024. Kama zilionyesha chini ya asilimia 80, basi haki ilifunguka Juni, ikafungwa Septemba, na barua ya juzi ilikuwa ya marehemu. Hasara yao wenyewe ingewaokoa.

Alimkuta Idi ofisini, feni ikizunguka, mlango umerudishiwa. Alimweleza akitweta. Alitegemea atashangilia kama Ijumaa. Idi hakuinuka.

"Tulifika 83," alisema.

"Haiwezekani. Desemba hatukuuza kitu."

"Kwenye vitabu tulifika 83."

Ikamchukua Rehema muda kuelewa. Mzigo uliotoka Januari 2024 ulikuwa umeandikiwa ankara za Desemba 2023. Idi alifanya hivyo ili Mfuko usipate sababu ya kutoka mapema. Mauzo halisi yalikuwa asilimia 71.

"Basi tuwaambie ukweli! Tuseme zilikuwa 71, dirisha lilifunguka Juni..."

"Soma (b) tena, mdogo wangu. Hesabu *zinazoonyesha*. Walichopokea wao kilionyesha 83. Dirisha la Juni halikufunguka." Idi akafungua droo, akatoa nakala yake ya mkataba, imekunjwa kona kwenye ukurasa mmoja. Ni wazi alikuwa ameusoma siku nyingi. "Halafu soma 14.4."

Kifungu cha 14.4 kilikuwa mistari miwili. Mfuko ukigundua kwamba umepewa taarifa ya uongo kuhusu hesabu za kampuni, unaweza kutumia haki yake wakati wowote. Hakikutaja miezi mitatu, wala siku ya kazi, wala saa 11:00 jioni. Bei nayo ilipanda, kutoka asilimia 15 hadi 25.

"Kwa hiyo tunyamaze," Idi alisema. "Tupiganie Jumamosi yetu, tuache ya mwaka juzi yalale. Nani anajua? Mimi na wewe."

Simu ya Rehema ikatetemeka mezani. Barua pepe nyingine kutoka kwa wakili wa Mfuko. Safari hii haikuzungumzia Novemba wala Machi. Iliomba, ndani ya siku 5 za kazi, hati zote za kutolea mzigo za Desemba 2023 na Januari 2024. Iliambatana na picha moja, "iliyotufikia leo asubuhi."

Ilikuwa picha ya cheti kinachoambatana na hesabu za mwaka, kile kinachothibitisha kwamba mauzo yaliyoandikwa ndiyo yaliyofanyika. Rehema hakuwahi kukiona. Wiki ya kusaini hesabu zile alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo na homa ya mapafu.

Akakikuza hadi chini. Katibu wa Kampuni: jina lake kamili. Na juu ya jina, kwa wino wa bluu, sahihi yake mwenyewe, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho aliofundishwa na mtu mmoja tu duniani, akiwa darasa la tatu, mezani kwa baba.

Aliinua macho. Idi alikuwa anaiangalia picha ileile, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa kweli.

"Rehema," alisema, "hiyo sahihi si mimi niliyeiweka."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO