Ligi Kabla ya Medali: Michezo ya Watu Wenye Ulemavu kati ya Nakivale, Rwekubo na Mbarara

Katika makazi ya wakimbizi, mtu mwenye ulemavu huwa na siku zake mbili za kuitwa uwanjani: tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Fulana hugawiwa, hotuba husomwa, picha hupigwa, kisha mipira hurudishwa stoo. Makala hii inadai kwamba shughuli ya namna hiyo, hata ikifanywa kwa nia njema, bado haijawa programu ya michezo. Programu ni ratiba: mechi ambayo kila mtu anajua itachezwa Jumamosi ijayo, mgeni rasmi awepo asiwepo.

Ludwig Guttmann hutajwa kila michezo hii inapojadiliwa, na karibu kila mara hutajwa pamoja na tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo washindani 16 walilenga shabaha kwa upinde huko Stoke Mandeville, Uingereza. Tarehe hiyo inatupotosha kidogo. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1944, alipofungua wodi ya watu walioumia uti wa mgongo na kuuingiza mchezo katika matibabu yao ya kila siku, wakati ambapo madaktari wengi walikuwa wamekwishakata tamaa juu ya wagonjwa wa aina hiyo. Mashindano yalikuja baadaye, yakiota juu ya mazoea. Sisi tumeyachukua mashindano tukayaacha mazoea.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kuingia Watutsi kutoka Rwanda. Siku hizi Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo wanaishi humo, na Kiswahili husikika sana sokoni. Eneo ni kubwa mno. Anayetembea kwa magongo kutoka eneo la Rubondo hawezi kufanya mazoezi eneo la Base Camp mara mbili kwa wiki, na akipanda bodaboda si ajabu kiti chake cha magurudumu kihesabiwe kuwa mzigo wa kulipiwa. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mpangaji ni umbali, na wa pili ni mchezo gani uchezwe.

Mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu unavutia watazamaji na wafadhili, nami naupenda. Lakini unadai sakafu ngumu ya mita 28 kwa 15, na viti maalumu vyenye magurudumu yaliyolazwa upande ili visipinduke mchezaji anapokata kona. Fundi baiskeli wa Rwekubo, mji wa wenyeji wilayani humo, ataziba pancha. Ekseli ikivunjika, kiti kinasubiri spea ya ng'ambo na timu inapungua mtu. Linganisha na mpira wa wavu wa kuketi: uwanja wa mita 10 kwa 6, wavu wenye kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, wachezaji sita kila upande. Kanuni inataka kiwiliwili kisiachane na ardhi mchezaji anapoupiga mpira, kwa hiyo husogea kwa kujisukuma na mikono. Hapo changarawe inakuwa adui. Seti moja tu juu ya murramu na viganja vimechubuka, suruali imetoboka. Tiba yake haivuki mipaka ya wilaya: mchanga uliochekechwa, turubai lililovutwa juu yake na kupigiliwa vigingi, na kiraka cha jinzi kuukuu kilichoshonewa makalioni.

Rwanda imeonyesha mchezo huu unafika wapi. Timu yake ya wanaume ilicheza Paralimpiki ya London mwaka 2012, na ya wanawake ikafuata Rio mwaka 2016. Aidha, Parfait Hakizimana, Mrundi aliyejeruhiwa mkono utotoni katika vita, alitoka kambi ya Mahama nchini Rwanda hadi kwenye taekwondo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Magazeti yaliandika safari yake. Mimi navutiwa zaidi na jambo lililoandikwa kwa ufupi: kule kambini alikuwa mwalimu, mwenye wanafunzi waliomngoja mazoezini.

Wapo watakaouliza, kwa haki kabisa, mpira unaliwa? Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, likaupunguza tena mwaka uliofuata, na tangu 2023 kaya zimepangwa kwa madaraja ya uhitaji. Siwezi kudai kwamba ligi ingeziba pengo hilo. Ninachodai ni kwamba madaraja hayo huhitaji mtu ajulikane kuwa yupo, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 16 katika kila 100 wana ulemavu mkubwa. Familia inayomficha mtoto ndani haitamtaja mbele ya karani mwenye fomu. Nahodha anayetafuta mchezaji wa sita atapita nyumba kwa nyumba, na atarudi tena wiki ijayo.

Kisheria mlango uko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataja michezo katika ibara ya 30 bila kuifanya haki ya raia peke yao. Sera ya Uganda nayo inataka takriban asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Ndiyo maana naitaja Rwekubo, mji wa wenyeji. Timu za maeneo ya Nakivale, yaani Juru, Rubondo na Base Camp, na ile ya Rwekubo zikicheza nyumbani na ugenini, bajeti ya wakimbizi na ya halmashauri zinakutana katika ratiba moja, na mfadhili mmoja akiondoka ligi haizimiki. Mbarara, yenye hospitali ya rufaa, chuo kikuu na uwanja wa Kakyeka, ibaki mahali pa fainali na pa kuwafunza waamuzi wa mechi. Mazoezi yasihamishiwe huko.

Kasoro moja ya pendekezo langu ni kwamba linawaelekea waliokatwa miguu, na miongoni mwao wanaume ndio hujitokeza upesi. Viziwi hawahitaji mchezo mpya: mwamuzi akishika kibendera pamoja na kipenga, wanaingia katika timu yoyote ya mtaa. Wanawake wanahitaji zaidi ya hapo. Mazoezi ya saa kumi jioni yanagongana na maji, kuni na jiko, na hakuna kocha atakayelitatua hilo kwa hamasa. Saa ipangwe na wachezaji wa kike wenyewe kabla ya ratiba kuchapwa, na fungu la kwanza la fedha liwe la kumlipa mtu wa kuangalia watoto pembeni mwa uwanja, kabla ya jezi.