Tundu la inchi 21: kabati la televisheni lilikotoka na namna ya kulichagua leo

Makabati mengi ya sebuleni yaliyotengenezwa Dar es Salaam miaka ya 1990 yana tundu katikati ambalo siku hizi halina kazi. Upande mmoja kuna milango ya kioo ya kuwekea vyombo, upande wa pili rafu za vitabu na picha za harusi, chini droo, na katikati nafasi iliyopimwa kwa televisheni ya inchi 21. Televisheni yenyewe ilishakufa zamani, ikauzwa kwa wanunua vyuma chakavu. Iliyokuja baada yake ni bapa, inchi 32 au 43, na haiingii. Basi imetundikwa ukuta wa pembeni, au imesimamishwa kwenye kimeza mbele ya kabati, ikiziba vyombo vile vile ambavyo kabati lilitengenezwa ili vionekane.

Ukichukua futi utaona kwa nini. Inchi za televisheni hupimwa kutoka kona hadi kona. Kioo cha zamani kilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo inchi 21 zilitoa upana wa sentimita 43 hivi na kimo cha 32. Kioo cha sasa ni 16 kwa 9, na inchi 32 ni upana wa sentimita 71 kwa kimo cha 40. Kimo kimeongezeka kidogo tu, upana umekimbia. Kina nacho kimefanya kinyume: seti iliyokuwa ikidai karibu nusu mita kwenda nyuma sasa inatosheka na sentimita chache pamoja na miguu yake.

Fundi aliyechonga kabati lile hakukosea. Alipima alichoonyeshwa. Tangu televisheni ilipoingia majumbani, mbao zimekuwa zikikatwa kwa kipimo cha chombo kinachopitwa na wakati mapema kuliko mbao zenyewe, na anayetafuta kabati leo atanunua vizuri zaidi akijua mambo hayo yalikwendaje.

Televisheni za mwanzo hazikuhitaji kabati, kwa sababu zenyewe zilikuwa kabati. BBC ilianza matangazo yake ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, London, na waliomudu kununua seti walipelekewa sanduku kubwa la mbao lililong'arishwa, lenye kioo kidogo. Kampuni zilizoziunda zilikuwa zikiunda redio, na redio ya enzi hiyo ilikuwa samani. Marekani mambo yalikuwa hayo hayo. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939, kampuni ya RCA ilileta seti iliyoitwa TRK-12, kabati lililobuniwa na John Vassos. Bomba lake la picha lilikuwa refu mno kulazwa ndani ya sanduku la sebuleni, kwa hiyo likasimamishwa wima, picha ikielekea dari. Mtazamaji alifunua mfuniko wa juu na kuiona picha kwenye kioo cha kujitazamia kilichobandikwa upande wa ndani wa mfuniko huo. RCA waliunda na seti moja yenye sanduku la plastiki angavu, ili umma uone vyuma na nyaya za ndani na kuridhika kwamba hapakuwa na kiini macho. Zile zilizopelekwa madukani ziliendelea kuwa za mbao. Mnunuzi alitaka chombo kitakachokaa na viti vyake bila kuvishangaza.

Afrika Mashariki seti za namna hiyo zilianza kuonekana Kenya ilipofungua televisheni mwaka 1962, mtambo ukiwa Limuru na mawimbi yakifika maili chache tu kuzunguka Nairobi. Mombasa ilipata kituo chake mwaka 1970. Seti nyingi zilizoagizwa kutoka Ulaya wakati huo zilikuwa na sanduku la mbao na miguu minne myembamba, zikisimama sakafuni zenyewe bila stendi. Zanzibar nayo ilianza mapema miaka ya 1970, kwa mpango ulioanzia enzi za Mzee Abeid Amani Karume, na ilianza moja kwa moja kwa rangi, wakati Afrika Kusini pamoja na utajiri wake haikuwa na huduma ya televisheni ya taifa hadi Januari 1976. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitegemea redio kuwafikia wananchi, na televisheni ilihesabiwa kuwa anasa.

Miaka ishirini hiyo ya kusubiri ndiyo iliyolipa kabati la Kitanzania umbo lake. Televisheni ilipofika bara ilikuta sebule tayari ina kabati.

Pwani ukuta wa maonyesho ni jambo la karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, chumba cha ndani kina zidaka: safu juu ya safu ya vijishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, kingo zake zikiwa na nakshi, vikijaza ukuta mzima. Humo viliwekwa bakuli na sahani za kaure zilizokuja na majahazi kutoka mbali, na vitabu. Hapakuwa mahali pa kila mgeni. Mwanamume asiye wa nyumba ile aliishia barazani, na walioziona zidaka ni jamaa na mashoga wa mwenye nyumba. Aliyekwenda Lamu akaingia katika nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho atakuwa ameziona. Nikiiangalia shokesi ya mbao na kioo ya Temeke au Majengo, naona haja ile ile: familia inatenga ukuta mmoja kwa vitu vyake vizuri, vya kutazamwa zaidi ya kutumiwa. Seti ya vikombe vya chai iliyotolewa zawadi siku ya harusi na isiyonywewa chai hata mara moja ni ndugu wa bakuli la kaure la Lamu.

Kabla ya televisheni, nafasi ya heshima kwenye shokesi ilikuwa ya redio. Kisha mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Televisheni zikaanza kuingia bara ilhali bara haina kituo hata kimoja. Watu walizinunua kwa ajili ya deki za video, wakatazama kanda za filamu za Kihindi, za ngumi na za harusi, na baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu kuelekea baharini kunasa picha za Zanzibar. ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, kila mwenye uwezo alitaka seti, na kila mwenye seti alitaka mahali pa kuiweka.

Hapo ndipo Keko ilipopata kazi. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, jirani na Chang'ombe, walichukua shokesi iliyokuwapo, wakaipasua katikati na kutia tundu. Kazi yao inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu waliofanya vizuri walikuwa wameuelewa mtambo. Bomba la picha lilikuwa zito na uzito wake ulikuwa mbele, kwenye kioo, kwa hiyo rafu ya tundu ilitiwa mhimili wa ziada chini, karibu na ukingo wa mbele. Bomba lilipata joto, kwa hiyo hadibodi ya nyuma ilitobolewa matundu, au sehemu hiyo ikaachwa wazi kabisa. Waya ulihitaji njia, kwa hiyo fundi alikata nusu duara kwenye kona ya chini, na aliyejali kazi yake aliupiga msasa ule mkato ili usiule waya. Mbao ilikuwa mninga kwa aliyejiweza, au mkongo, au mtiki wa mashamba ya Tanga na Morogoro. Makabati ya mninga ya wakati ule yamesimama hadi leo, na droo zake bado zinateleza.

Akina mama wakamalizia kazi ya fundi kwa kitambaa cha kufuma. Kilitandikwa juu ya seti, ncha ikining'inia mbele, na usiku kikashushwa kufunika kioo. Wengi wanakikumbuka kama pambo tu. Kilikuwa na faida yake: kioo cha televisheni ya bomba hubaki na chaji ya umeme inayovuta vumbi, na nyumba iliyokuwa kando ya barabara ya udongo ilijua hivyo bila kufundishwa na mtu.

Kenya waliofanya kazi hiyo ni mafundi wa Gikomba na wa kando ya Ngong Road, Nairobi, na huko kabati lilipata mzigo mwingine. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na umeme, zikatumia seti ndogo za inchi 14 zisizo na rangi, Great Wall zikiwa maarufu kuliko zote, zilizoendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilikaa sehemu ya chini ya kabati, ikitolewa kila mara kupelekwa sokoni kuchajiwa. Ukifungua mlango wa chini wa kabati la zama hizo, huenda ukakuta mbao imebabuka na kupauka mahali asidi ilipomwagika.

Mambo yote hayo yalipinduliwa na vitu viwili vilivyokuja karibu pamoja, kioo bapa na king'amuzi. Nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana kupitia Shirika la Mawasiliano ya Simu Duniani, ITU, kuachana na mitambo ya analojia ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia wenzake: Dar es Salaam ilizimiwa analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilizima mwaka 2015, kukiwa na mvutano mkali kati ya serikali na vituo vikubwa. Kwa kabati, maana yake ilikuwa kisanduku cha pili chenye joto lake, rimoti yake na waya wake. Mwanga wa rimoti haupiti kwenye mbao. Makabati yaliyokuwa na milango ya mbao chini yakaanza kukaa wazi mchana kutwa, na milango ikalegea bawaba.

Wakati huo huo mbao nzuri ikawa adimu. Mninga ulivunwa mno, bei ikapanda, na nafasi yake ikachukuliwa na MDF na chipubodi zenye ngozi ya rangi ya mti. Sizidharau. MDF hukaa bapa bila kupinda, na kwa rafu ya juu au mlango inafaa. Adui yake ni maji, na sisi hudeki sakafu kwa maji. Kabati la MDF linalokaa moja kwa moja sakafuni huanza kuvimba ukingo wa chini, ngozi inabanduka, skrubu zinakosa pa kushika. Pwani unyevu wa hewa hulimaliza upesi zaidi. Ukilinunua la aina hiyo, hakikisha lina miguu ya chuma, plastiki au mbao halisi, ya kimo cha sentimita 10 walau, ili tambara lipite chini yake.

Usiruhusu fundi akupimie tundu. Hilo ndilo jambo ambalo miaka thelathini ya makabati yetu inalisema waziwazi. Pima ukuta, agiza kabati pana na fupi kwenda juu, lenye uso wa wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na televisheni ya ukubwa wowote itakaa hapo au itatundikwa juu yake. Kaa kwenye kochi lako kwanza: katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho yako, ambao kwa watu wengi waliokaa ni mita moja au zaidi kidogo kutoka sakafuni. Shokesi ndefu ilipandisha picha, na ukuta unaipandisha zaidi, ndiyo maana shingo zinauma. King'amuzi kipate rafu ya wazi au mlango wa kioo, na nyuma pawe na nafasi ya hewa. Mwenye shokesi ya mninga asikubali kuibadilisha kwa MDF mpya na kuongeza fedha juu. Fundi mzuri anaweza kuondoa ubao mmoja wa kati na rafu iliyo juu yake, akapanua nafasi, na mbao aliyoitoa ikafanya rafu ya king'amuzi.

Limebaki jambo moja, la usalama. Kioo bapa ni chepesi, kimesimama kwenye miguu miwili myembamba, na mtoto wa miaka miwili anayejivuta kwa ukingo wa kabati anaweza kukiangusha pamoja na droo alizozifungua na kuzifanya ngazi. Fundi akimaliza kufunga kabati, mwambie atoboe ukuta na kulifunga kwa vyuma viwili vya pembe, na televisheni aifunge kwa mkanda wake. Ni kazi ya muda mfupi na skrubu chache. Ifanyike kabla hujamlipa.